Mwanga kwanza, mandhari baadaye: mwongozo wa kupiga picha za watu kwa jua letu

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza kupiga picha za watu ni yale yale. "Kwa nini uso umetoka mweusi na nyuma kumeungua, kweupe kabisa?" "Mbona macho yameingia giza?" "Mahali palikuwa pazuri sana, picha imekataaje?" Na lile linalorudi kuliko yote: "Ninunue kamera gani?" Yote manne yana mzizi mmoja. Anayeanza huchagua mahali pazuri, humsimamisha mtu hapo, kisha huomba mwanga ukubali. Fanya kinyume chake. Tafuta mwanga kwanza, mpeleke mtu kwenye mwanga huo, halafu ukiwa hapo hapo uchague kitakachoonekana nyuma yake. Ukishika mpangilio huo, simu uliyonayo mfukoni itakufaa kwa muda mrefu kabla hujahitaji kununua chochote.

Mwongozo huu ni wa kumpiga picha mtu mmoja au wawili, mchana, bila taa za studio. Saa zote nilizotaja ni za Kiswahili. Mifano mingi ni ya pwani kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini aliyeko Kisumu, Kigali au Bukavu yuko chini ya jua la tabia ile ile: linapanda haraka, linakaa utosini, na likianza kuzama halisubiri mtu.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Simu yenye kamera, au kamera yoyote. Kama ni ya kubadilisha lenzi, milimita 50 inatosha. 85 ni nzuri zaidi kwa uso.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi. Upindo wa kanga ya pamba iliyofuliwa unafaa kabisa.
- Karatasi mbili za manila nyeupe, au shuka jeupe. Hiyo ndiyo reflekta yako, yaani kitu cha kumrudishia mtu mwanga.
- Chandarua cheupe cha zamani au pazia jepesi jeupe, kwa ajili ya dirisha lenye jua kali.
- Leso ya kufutia jasho, na maji ya kunywa kwa huyo unayempiga picha.
- Mtu mmoja wa kukusaidia kushika vitu.
- Ruhusa.

Hilo la mwisho nalisisitiza. Omba kabla hujainua kamera: "Shikamoo mama, naomba nikupige picha, nitakutumia nakala." Kisha itume kweli. Kwa mtoto, zungumza na mzazi au mlezi. Ukitaka kuitumia picha ya mtu kutangazia biashara, pata idhini yake kwa maandishi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi au Ikulu hata kama ukuta wake una mwanga wa kupendeza.

Hatua ya 1: Futa lenzi, zima flashi, zima "urembo"

Lenzi ya simu hushinda mkononi na mfukoni, ikajaa mafuta ya vidole. Mafuta hayo husambaza mwanga na picha hutoka na ukungu, hasa jua likiwa mbele yako. Futa kila unapoanza.

Flashi ya simu izime. Kimwanga kile kinatoka ubavuni mwa lenzi, kinapiga uso moja kwa moja, kinaondoa umbo la pua na mashavu, na kuacha doa linalong'aa katikati ya paji la uso.

Kisha ingia kwenye mipangilio uzime kile kipengele cha kulainisha na kung'arisha ngozi. Baadhi ya simu huja nacho kikiwa kimewashwa. Kinafuta makunyanzi ya bibi, kinafuta chale, kinampausha mtu rangi yake. Mtu aliyekubali kukaa mbele ya kamera yako anastahili kutoka kama alivyo, weusi wake wote ukiwemo.

Hatua ya 2: Soma mwanga kwa mkono wako

Nyoosha mkono mbele yako, kiganja kikikutazama, vidole vimekunjwa kidogo. Zunguka taratibu hapo hapo ulipo, duara zima, huku ukiangalia mkono. Upande mmoja utaona vivuli vikali kati ya vidole na mwanga mkali juu ya ncha zake. Upande mwingine kiganja kizima kitajaa mwanga laini, na kila mstari utaonekana bila kukatwa na kivuli. Uso wa mtu utafanya vivyo hivyo. Simama ulivyosimama pale mkono ulipopendeza, na mtu wako akae mahali mkono ulipokuwa, akikutazama.

Fanya hivi kila unapofika mahali papya. Ni sekunde chache tu, na mkono hauchoki kusubiri kama mgeni.

Hatua ya 3: Pima saa kwa kivuli chako

Simama juani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45 na mwanga umeanza kuingia machoni mwa watu. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua liko juu mno: paji la uso litawaka, matundu ya macho yatakuwa meusi, na pua itaangusha kivuli juu ya mdomo. Kwa Dar es Salaam, mwanga unafaa kabla ya saa tatu asubuhi, na tena baada ya saa tisa na nusu alasiri.

Mwanga mtamu kuliko wote ni wa saa moja ya mwisho kabla ya kuchwa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi, kwa hiyo saa kumi na moja na robo uwe umeshafika na mtu wako ameshavaa. Huku kwetu wakati wa magharibi ni mfupi. Jua likishazama una kama dakika 20 za mwanga laini wa anga, kisha giza. Anayepanga kuanza saa kumi na mbili atapiga picha akiwa na haraka, na mtu anayeharakishwa haonekani vizuri usoni hata mwanga ukiwa wa dhahabu.

Hatua ya 4: Tafuta ukingo wa kivuli

Kama utakumbuka hatua moja tu, iwe hii. Kivuli ninachokisema si giza la chumbani, wala kivuli chenye matundu cha mti. Ni kivuli kilicho wazi upande mmoja: kibarazani, mlangoni, chini ya paa la duka, upande wa mashariki wa nyumba wakati wa alasiri. Juu ya kichwa pamezibwa, mbele ni wazi, na anga kubwa inammulika mtu bila jua lenyewe kumgusa.

Msimamishe hatua moja au mbili ndani ya mpaka wa kivuli, uso ukitazama nje. Akiingia ndani zaidi, mwanga unafifia na picha inaanza kuwa na chengachenga, vijidoa kama mchanga. Akitoka kidogo tu, jua litamgusa bega au ncha ya pua, na kipande hicho kitaungua.

Chukua mfano wa fundi cherehani anayefanya kazi kibarazani. Nyuma yake kuna chumba chenye giza na magauni yaliyotundikwa. Mbele yake kuna barabara ya vumbi iliyopigwa na jua. Anayeanza humwomba ainuke, amtoe nje, amsimamishe kwenye ukuta wa jirani kwa sababu umepakwa rangi nzuri. Fundi anakunja macho, kofia inamtia kivuli hadi mdomoni, mikono haijui iende wapi. Mwache pale pale. Barabara inamrudishia mwanga kutoka chini na kuujaza uso chini ya ukingo wa kofia, anga inammulika kutoka mbele, na giza la chumba linautenga uso wake na kila kitu kingine. Mwambie tu, "Baba, naomba ugeuze kiti kidogo upande wa barabara," kisha aendelee kushona. Mkono wa kulia uko kwenye gurudumu, wa kushoto unasukuma kitambaa kuelekea sindano, miwani imeshuka puani. Umehamisha kiti peke yake, na kila kitu kingine kilikuwepo tangu asubuhi.

Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa kale wa Lamu vina zawadi yao. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu, na nyingi zimepigwa chokaa. Jua linapopiga ukuta wa upande mmoja, ukuta ule mzima unageuka taa kubwa laini kwa aliye upande wa pili kivulini. Mkalishe mtu barazani, autazame ule ukuta uliowaka. Hata saa saba mchana utapata mwanga ambao mwenye studio hununua kwa fedha nyingi.

Jihadhari na rangi, kwa sababu mwanga hubeba rangi ya kitu ulichokigonga. Ukuta wa kijani humtia mtu ukijani shavuni. Majani nayo humtia chini ya kidevu. Turubai la bluu kwenye shughuli huwafanya wageni wote waonekane wagonjwa, na kulisahihisha baadaye ni kazi ngumu maana nguo nazo zimeshapakwa bluu. Wasogeze hadi ukingoni mwa turubai, watazame nje. Hata wewe mwenyewe umo: ukivaa shati jekundu ukamkaribia mtu, wekundu wake utamfikia usoni. Vaa nyeupe au kijivu siku ya kazi.

Na kivuli cha mti uwe nacho makini. Jua linalochuja kwenye majani ya mwarobaini humwachia mtu madoadoa usoni, moja jichoni, jingine shavuni. Tafuta mwembe uliofunga kabisa, au msogeze mtu mpaka mahali madoa yanapokoma.

Hatua ya 5: Geuza uso mpaka macho yawake

Akiutazama mwanga moja kwa moja, uso unajaa na kuwa bapa. Mwombe ageuze kichwa kidogo, kama nyuzi 30 hadi 45 kutoka kwenye mwanga. Shavu moja litashika mwanga zaidi, lingine litaingia kivuli chepesi, na taya litapata umbo. Ngozi nyeusi ina utajiri wake hapa: inashika mng'ao juu ya mfupa wa shavu, kwenye paji na kando ya pua, na mng'ao huo ndio unaouchora uso. Futa jasho, lakini usimpake poda mpaka uso ukawa mkavu kama ukuta.

Kipimo chako ni nukta ya mwanga ndani ya mboni za macho. Ukiiona kwenye macho yote mawili, mwanga umefika. Usipoiona, mwinue kidevu kidogo au umsogeze karibu na ukingo wa kivuli. Mwenye kofia aisukume nyuma kidogo. Mwenye ushungi, angalia kama kitambaa kimetangulia mbele ya paji la uso na kuziba mwanga, kisha umwombe akirekebishe mwenyewe. Mwenye miwani, vipini viinuliwe kidogo juu ya masikio ili vioo vielekee chini. Ule weupe wa anga unaoonekana kwenye vioo utaondoka.

Hatua ya 6: Sasa tazama nyuma yake

Sasa ndipo zamu ya mandhari inafika. Mandhari ina kazi mbili: kuutenga uso, na kusema mtu huyu ni nani. Kama haifanyi hata moja, iondoe kwa kusogea wewe, hatua mbili kushoto au kulia, au kwa kuinama.

Anza na pembe za picha. Pitisha macho pembeni kote kabla hujabonyeza: ndoo, ndala, pikipiki nusu, mtoto anayechungulia. Kisha tazama kichwa. Nguzo ya umeme inayoota utosini na waya unaopita shingoni ni makosa ya kila siku, na dawa yake ni kusogea tu.

Halafu mtenge na ukuta. Mtu aliyebanana na ukuta hutoka kama picha ya pasipoti. Mvute mbele mita mbili au tatu, na ukuta utalainika wenyewe, hasa ukiwa na lenzi ya kuvuta karibu.

Tazama tofauti ya weupe na weusi. Mtu mweusi aliyevaa buibui jeusi mbele ya mlango mweusi atapotea, isipokuwa kama mwanga unatoka ubavuni na kumchora ukingo. Ukuta mweupe wenye jua nyuma ya uso ulio kivulini ndio mama wa malalamiko yote niliyoyataja mwanzo. Ninachokipenda zaidi kwa ngozi zetu ni ukuta wa rangi ya kati au iliyokoza kidogo, bluu iliyofifia, udongo, kijani cha zaituni, ukiwa kivulini pamoja na mtu. Uso unakuwa ndicho kitu kinachong'aa kuliko vyote kwenye picha.

Kitenge chenye maua mengi kinataka ukuta mtulivu, lakini hilo si amri. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake 1948, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa jua huku ametundika shuka la kitanda lenye nakshi nyuma ya wateja waliovaa nguo zenye nakshi pia. Nyuso hazikupotea kwa sababu mwanga wake ulikuwa safi. Wewe anza na ukuta mtulivu. Nakshi juu ya nakshi zitakuja mkono ukizoea.

Na ujue jua la mahali pako linazama wapi. Ufukwe wa Coco Beach, Dar es Salaam, unatazama mashariki: jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Jioni, mtu akiipa bahari mgongo, mwanga wa magharibi unamjia usoni. Forodhani, Unguja, ni kinyume. Jua huzama upande wa maji, kwa hiyo mtu akiwa mbele ya bahari saa kumi na mbili utapata umbo lake jeusi tu. Kama ndicho unachotaka, mgeuze ubavu ili pua na midomo vionekane. Kama hukitaki, simama wewe upande wa bahari na mtu autazame mwanga.

Hatua ya 7: Kamera ipime uso, isipime ukuta

Nadharia ni hii tu. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote ulioingia na kujaribu kuufanya uwe kijivu cha kati. Ikiona ukuta mweupe mwingi inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Ikiona giza jingi inaongeza, na uso unapauka. Tena vipimo vya rangi vyenyewe havikuanza na sisi: enzi za filamu, kampuni ya Kodak ilisambazia maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo. Simu za leo ni bora zaidi, lakini uamuzi wa mwisho ushike wewe.

Kwenye simu:

a) Gusa uso kwenye kioo.
b) Shikilia kidole hapo mpaka alama ya kufunga itokee.
c) Buruta kile kijijua kidogo juu au chini mpaka ngozi ifanane na ngozi unayoiona kwa macho yako.
d) Piga. Mtu akihama mahali, anza upya.

Kwenye kamera, tumia kipimo cha nukta (spot), kinachopima sehemu ndogo tu, juu ya shavu, au tumia fidia ya mwanga (kitufe cha +/-): ongeza kama +0.7 nyuma kukiwa kweupe, punguza -0.7 nyuma kukiwa na giza, uangalie, urekebishe. Kwa mtu mmoja, tundu la lenzi la f/2.8 hadi f/4 linafaa. Kwa watu kadhaa, f/5.6 au f/8. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na kwa watoto 1/500. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande inapobidi. Chengachenga kidogo zinavumilika kuliko uso uliotikisika.

Watu wawili wenye rangi tofauti hawataki mipangilio ya ajabu, wanataka kupangwa. Aliye mweusi zaidi akae karibu na mwanga, mweupe zaidi awe mbali kidogo. Bibi harusi mwenye gauni jeupe na bwana harusi mwenye suti nyeusi wawe wote kivulini. Angalia kama nakshi za gauni bado zinaonekana, na bwana awe upande wa mwanga. Ukiwaweka juani saa nane mchana, moja kati ya gauni na uso wa bwana itapotea, na familia itakuuliza.

Hatua ya 8: Rudisha mwanga upande wa giza

Msaidizi ashike manila upande wa kivuli, karibu kabisa na mtu bila kuingia kwenye picha, kama nusu mita hivi. Aigeuze taratibu. Wewe tazama shavu la giza: kuna mahali litafunguka ghafla. Hapo asimame. Kwa macho yenye vivuli, manila ilale magotini mwa mtu aliyekaa, kama trei. Usitumie karatasi ya foili inayong'aa juani kumulika uso; inaumiza macho.

Hatua ya 9: Rudi nyuma, vuta karibu

Ukimkaribia mtu sana na lenzi pana ya simu, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Simama mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwake, kisha tumia lenzi ya 2x au 3x kama simu inayo. Kamera iwe usawa wa macho yake. Kwa mtoto, piga magoti. Kwa mzee aliyekaa, kaa nawe. Kumpiga mzee kutoka juu ni kumtazama kwa dharau, na picha itaonyesha hivyo.

Hatua ya 10: Piga, mwonyeshe, rekebisha

Piga chache, kisha mgeuzie simu aone. "Tazama, mama, unavyopendeza. Sasa tuinue kidevu kidogo." Mabega yatashuka, na picha zinazofuata hizo ndizo utakazozihifadhi. Kuza uso kwenye kioo uangalie mambo matatu: nukta machoni, fokasi kwenye jicho lililo karibu, na ngozi isiwe imeungua popote.

Ukikwama juani bila kivuli

Mahafali, uwanjani, saa saba, hakuna hata mti. Mwambie mtu alipe jua mgongo ili uso wote uwe ndani ya kivuli chake mwenyewe, upime uso, na ukubali anga itoke nyeupe. Sakafu ya saruji au mchanga mweupe mbele yake itamrudishia mwanga, kwa hiyo mtoe kwenye majani. Wawili wakishika shuka jeupe juu ya kichwa chake, nje ya picha, umejenga kibaraza cha muda. Mwavuli mweupe unafanya kazi ile ile kwa mtu mmoja. Mwavuli wa rangi utampaka rangi yake.

Ndani ya nyumba

Zima taa zote, fungua dirisha au mlango mmoja. Mtu akae kama mita moja kutoka dirishani, mwanga umjie ubavuni. Kila anaposogea mbali, mwanga hupungua kwa kasi, kwa hiyo ukuta wa nyuma utatulia gizani wenyewe. Jua likiingia moja kwa moja, tundika chandarua. Ukiacha balbu ikiwaka, upande mmoja wa uso utakuwa wa njano na mwingine wa bluu, na hutapata mpangilio wa rangi utakaozipatanisha pande zote mbili.

Picha imekataa? Angalia hapa

*Uso mweusi, nyuma kumeungua.* Mandhari ina mwanga kuliko mtu. Geuzaneni mahali, au gusa uso uongeze mwanga, au tafuta mandhari iliyo kivulini.

*Macho hayaonekani.* Mwanga unatoka juu. Msogeze ukingoni mwa kivuli, inua kidevu, weka manila chini.

*Ngozi imekuwa ya kijivu, kama ina majivu.* Mara nyingi mwanga ulikuwa mdogo na picha imeangazwa kwa nguvu baadaye. Piga upya karibu zaidi na mwanga. Kwenye programu ya kuhariri, ongeza joto la rangi (unjano wake) kidogo kabla hujaongeza mwanga.

*Ngozi ina ukijani au ubluu.* Tazama kilicho karibu: ukuta, turubai, majani, shati lako.

*Anakunja macho.* Afumbe macho, uhesabu hadi tatu, afumbue, piga papo hapo. Akikunja tena, mwanga ni mkali mno kwake, mtoe hapo.

*Ukingo wa nywele au masikio umekatwakatwa.* Hiyo ni hali ya simu ya kufifisha nyuma, inakosea kwenye afro, rasta na hereni. Izime, mvute mtu mbali zaidi na ukuta, tumia lenzi ya kuvuta.

*Picha ina ukungu ingawa umefuta lenzi.* Jua linaipiga lenzi moja kwa moja. Ikinge kwa kiganja kutoka juu, nje ya picha, au usogee mpaka kichwa cha mtu kilizibe jua. Kama umetoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto la pwani, lenzi imeshika mvuke; isubiri ipate joto la nje, usiisugue.

*Kuna mistari mipana ya giza inayopita juu ya picha.* Ni taa za ndani zinazopepesa kwa umeme wa hezi 50. Kwenye kamera, hapa tu shuka chini ya ile 1/125: weka kasi ya 1/50 au 1/100, mtu atulie. Kwenye simu isiyoruhusu hilo, zima taa urudi dirishani.